Glavu Zilizoanikwa Nyuma ya Wodi

Mguu wa kulia, huu ninaoukunja chini ya meza nikiandika, ulikuwa umeshapangiwa kukatwa. Dokta aliuchora mstari kwa kalamu ya wino, chini kidogo ya goti, na kila wino ulipofifia aliurudia. Alikuwa akizungumza na mume wangu juu yake kana kwamba mimi niliuazima tu mahali. Leo mstari haupo na mguu upo. Ninakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la hospitali, umenyoosha mguu wako au unashika mguu wa mtu wako, na umeanza kuzoea harufu yake. Mambo ya dawa waulize madaktari. Mimi nina mengine ya kukueleza.

Naitwa Kahindo, ingawa hapa Bunia wengi wananijua kama Mama Gloria, kwa jina la binti yangu. Nimezaliwa Butembo. Nauza vitenge soko kuu, na nimeolewa mtaa wa Bigo na mwalimu wa shule ya msingi ambaye watu wake ni wafugaji wa upande wa Irumu. Mtu wa huku ataelewa bila kuambiwa kwamba ndoa ile ilisemwa sana, kwao na kwetu. Wakati ninaousimulia mji ulikuwa umetulia, lakini ulikuwa utulivu wa kulala na viatu. Watu walikuwa wanauziana maziwa na maharagwe, wanasali pamoja, na bado kila mmoja anajua jirani yake ametoka wapi.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa jambo la kuchekesha. Niliteremka kwenye pikipiki nimekumbatia mzigo wa vitenge, nikateremkia upande wa bomba la moshi. Shavu la mguu likagusa. Nenda sokoni kwetu uinue vikwembe walivyojifunga, utakuta nusu ya wanawake wana kovu hilo. Nikapaka dawa ya meno, nikacheka na wenzangu, nikaendelea kuuza. Yalikuwa majira ya vumbi, yale ambayo hata chai ina mchanga. Siku zilivyokwenda mguu ukavimba, ngozi ikang'aa, nikaanza kutetemeka kwa baridi huku jua linawaka. Mume wangu aliponifikisha hospitalini sikuweza kukanyaga. Wakanilaza, wakanipasua, wakakata nyama iliyokufa. Nilipoamka nilikuwa na kidonda kilichoanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Niliomba kukiona. Usiombe kukiona siku ya kwanza.

Hospitali sitaitaja, maana hili lingeweza kutokea popote, na waliofanya kosa ndio hao hao walioniponya. Wodi yetu ilikuwa ya majeraha. Asubuhi wale walioweza kutembea walikaa kwenye benchi la nje kungoja kusafishwa vidonda, na sisi wa kitandani tulingoja tukiwasikiliza wao. Utashangaa mambo ambayo watu huzungumza pale: bei ya samaki, nani ameoa, mchungaji gani amegombana na kwaya yake. Hakuna anayetaja kidonda mpaka mlango ufunguliwe. Hapo wote wananyamaza, kwa sababu kila mtu anajua uchungu wa bandeji iliyoshikana na nyama.

Mwili wangu ulibadilika upesi kuliko nilivyoweza kuufuata. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba kitenge kikinikaa hakihitaji pini, paja likawa jembamba, nywele zikatoka na kitana, uso ukabaki macho. Lililoniuma zaidi ni harufu. Gloria aliletwa kunisalimia, akasimama mlangoni, akaziba pua kwa mkono bila kujua anafanya nini. Nikamwambia baba yake asimlete tena. Nililia hadi mto ukalowa, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa nikueleze habari ya glavu, au gants kama tunavyoziita. Ule ugonjwa mkubwa wa kuambukizana ulipokuwa katika jimbo letu, glavu zilikuwa tele, na kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya javel, ile dawa ya kuua vijidudu. Wauguzi walinawa mikono wakiwa na glavu, wakavua, wakanawa tena. Ugonjwa ukaisha, watu wa miradi wakaondoka na magari yao. Ndoo zilibaki, javel ilibaki, glavu zikapungua hadi zikawa kitu ambacho mgonjwa anajinunulia mwenyewe duka la dawa ng'ambo ya barabara. Ndipo wodi ikajitungia sheria yake. Kama javel iliushinda ugonjwa ule, watu walisema, itashindwa na nini? Basi glavu iliyotengenezwa kuvaliwa mara moja ikawa inaoshwa kwa javel, inasuuzwa, inaanikwa, na kesho inavaliwa tena. Kila mgonjwa alikuwa na zake, zimefungwa uzi wa rangi yake ili zisichanganyike. Nyuma ya wodi palifungwa kamba ndefu, na upepo ukivuma ungeona mikono mingi inakupungia.

Kazi ya kuosha ilikuwa ya garde-malade, yule mtu wa familia anayelala na mgonjwa. Wangu alikuwa mama mkwe.

Mama Veronika hakuwa amenizoea. Tangu harusi aliniita "yule wa Butembo", hata nikiwa nimesimama mbele yake na sahani ya chakula. Lakini aliposikia nimelazwa alishuka kutoka Irumu na mkeka, sufuria na kopo la siagi ya ng'ombe, akatandika mkeka chini ya kitanda changu, akasema: "Miye niko hapa. Hapana kulia, unaamusha wagonjwa." Ndiyo salamu niliyopata. Tangu siku ile alinisafisha mbele na nyuma, akanigeuza, akanilisha kwa kijiko, akanisuka nywele zilizobaki. Kila asubuhi alinipangusa uso kabla hajapangusa wake.

Na glavu zetu! Hakuna aliyeziosha kama yeye. Glavu za wenzetu zilitoka kwenye kamba zimegandana vidole, muuguzi akizivuta zinachanika. Zetu zilikuwa laini, kavu, zinafunguka zenyewe. Muuguzi wetu, Madame Solange, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha na mikono ya upole, alizisifia mbele ya wodi nzima.

"Gants ya Mama Vero inaingia bila kusukuma. Ninyi wengine mujifunze kwake."

Mama mkwe alitazama chini, lakini nilimwona anatabasamu. Nilijivuna naye. Nilifikiri angalau katika kitu kimoja sisi ni wa kwanza.

Kidonda hakikujali sifa zetu. Kilikuwa kinaonyesha dalili ya kupona, kisha kinarudi nyuma. Utando wa rangi ya kijivu ulikuwa unakifunika, unaondolewa, unarudi. Walibadilisha dawa. Wakabadilisha tena. Harufu nayo ikawa na uchachu fulani ambao niliujua lakini sikuweza kuutaja. Ndipo Dokta alipokuja na kalamu yake. Alisema mifupa iko karibu, na kwamba akiona hakuna nyama mpya mvua za kwanza zitakapoanza, atakata ili aniokoe mimi. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali, halafu akatoka nje na hakurudi hadi jioni. Tangu hapo nikawa natazama mawingu dirishani kwa chuki. Watu wote wa Bunia walikuwa wanaiombea mvua ije kuua vumbi, na mimi naomba Mungu aizuie.

Katika siku hizo dada yangu Masika alifika kutoka Butembo. Namwita Yaya, maana ndiye dada yetu mkubwa. Alipita barabara ya Komanda, ambayo wakati ule mtu aliipita akiwa ameshaungama dhambi zake, akafika na vumbi hadi kwenye kope. Alinikumbatia, akaufunua mguu, akaufunika. Kisha akamwangalia mama mkwe kwa jicho ambalo nililijua tangu utotoni.

"Huyu ndiye anakulinda?" aliniuliza kwa Kinande, lugha yetu.

"Ndiye," nikajibu. "Na ananilinda vizuri."

Lakini Yaya Masika ni mtu wa kufuatilia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimesinzia aliponitikisa bega. Alikuwa anahema.

"Kahindo! Amuka! Huyu mama anakuua! Nimeona na macho yangu. Amefungua fundo ya kikwembe, ametosha unga mweupe, ametia mu gants yako. Ndani, inje, anasugua. Sumu! Anakuwekea sumu mu muguu!"

Wewe kama ni wa huku, unajua neno hilo linafanya nini. Kwetu mtu akifa ghafla hatuulizi amekufa na nini, tunauliza amekula kwa nani. Wodi nzima ikaamka. Garde-malades wakaacha masufuria yao, wakajaa kati ya vitanda. Mama mkwe akaingia nyuma yao, ameshika glavu zangu mkononi, haelewi kwa nini watu wanampisha njia. Mwanamume mmoja aliyekuwa anamlinda kaka yake aliuliza kwa sauti: "Huyu muzee ni mutu wa wapi?" Mwingine akajibu kabla yake: "Wa Irumu." Na wa kitanda cha dirishani: "Na mugonjwa?" "Wa Butembo." Nikasikia jinsi watu walivyonyamaza, na niliogopa kuliko nilivyoogopa msumeno wa Dokta. Mji wetu ulishawahi kuungua kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Mama," nikasema, "ni nini uko nayo mu kikwembe?"

Alinitazama mimi peke yangu.

"Unga," akasema. "Unga ya muhogo. Ni nini tena?"

"Juu ya nini unaweka unga mu gants?" Yaya Masika akapiga kelele.

"Weye hujaona gants mupya?" Mama mkwe alikuwa anashangaa kweli. "Ukiitosha mu carton, iko na vumbi mweupe ndani. Ndiyo inafanya mukono kuingia. Siye tunafula na javel, ile vumbi inakwisha, gants inabakia uchi, inashikana. Basi miye naipatia ingine. Nachuja na kitambaa, ile laini kabisa. Ni mubaya?"

"Uongo!" mtu akasema kutoka nyuma.

Hapo ndipo nilipomwona mama mkwe alivyo. Hakulia, hakuapa kwa Mungu. Aliweka glavu kitandani kwangu, akalifungua fundo mbele ya macho yao, unga wote ukamwagika kwenye sufuria yake ndogo. Akaivuta mbabula ya jirani, lile jiko la makaa, iliyokuwa mlangoni na maji yanayochemka.

"Munisongeshee hiyo maji," akasema. "Musiende. Mutu asiende."

Akasonga bugali. Pale pale, katikati ya wodi ya majeraha, asubuhi, watu wamesimama kama kanisani. Ulikuwa unga kidogo, likatoka donge la kukaa kiganjani. Akalimega na kulitia mdomoni likiwa bado linatoa moshi, akatafuna polepole akiwaangalia mmoja mmoja, hasa yule wa swali la wapi. Akameza.

"Sasa mungojee nikufe," akasema, akaketi.

"Mama," nikamwambia, "na miye. Nipatie."

"Kahindo, hapana!" Yaya Masika alinishika mkono.

Nikautoa mkono. Sikuwa nakisia. Nilijua. Mama mkwe alinimegea, akanitia mdomoni kwa vidole vyake jinsi alivyonilisha kila siku. Haukuwa na chumvi wala mboga, na sijawahi kula bugali mtamu kuliko ule. Yule mwanamume wa kitanda cha dirishani, mgonjwa mwenye mkono uliovunjika, akasema: "Na siye, hakuna yetu?" Watu wakacheka. Walicheka kupita kiasi, jinsi watu wanavyocheka hatari ikiwapita sikioni. Yaya Masika aliketi sakafuni akalia, na mama mkwe akamwambia: "Ulipita ile barabara yote juu yake. Hata miye ningesema vile."

Madame Solange aliingia katikati ya kicheko.

"Ni nini hii? Munapika mu wodi?"

Wakamweleza wote kwa mara moja, wakicheka. Yeye hakucheka. Alichukua glavu zangu, akazigeuza ndani nje kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ncha za vidole unga ulikuwa umelowa na kugandamana, umekuwa uji mkavu. Nje pia ulikuwapo, mwembamba, pale pale vidole vinapogusa kidonda. Akazinusa. Akainama akaunusa mguu wangu. Ndipo na mimi nikaijua ile harufu ya uchachu niliyoshindwa kuitaja: ilikuwa ya muhogo uliolowekwa ukakaa.

"Mama Vero," akasema polepole, "hii unga inaingia mu kidonda ya mutoto yako. Kila siku siye tunapikia mikrobe bugali."

Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Yeye aliyesimama imara mbele ya tuhuma za kuua, sasa alishika ukingo wa kitanda changu.

"Basi ni miye," akasema. "Ni miye nilikuwa namumaliza."

"Hapana. Ungoje." Madame Solange alijaza maji kwenye glavu nyingine, ya mgonjwa wa jirani, iliyooshwa bila unga wowote. Akaifunga mdomo, akaibana. Maji yakatoka kwenye vidole vitatu, vijito vyembamba kama vya chujio. Akachukua nyingine ya kitanda kingine, nayo ikavuja. "Munaona? Javel inakula hii mupira. Tundu ndogo ndogo, macho haioni. Hii kitu inaitwa jetable. Unavaa, unatupa. Siye tumeifanya kuwa nguo. Na ile kamba hamukuifunga ninyi, ni siye tuliifunga. Miye mwenyewe nilikuwa nasifu." Kisha akatoka nje, akaikata ile kamba, na glavu zote zikaingia kwenye pipa la kuchomea.

Dokta baadaye hakutaka kuapa kwamba ni unga peke yake, au matundu peke yake, au yote mawili. Alisema kidonda kina adui wengi. Mimi nasema yaliyotokea tu.

Lakini swali lilibaki pale wodini, na yule mwanamume wa kaka yake ndiye aliyelisema: "Madame, umetupa yote. Kesho mutavaa nini?" Wote tulijua kwamba hatukuwa tumeziosha kwa uchafu wa roho. Tuliziosha kwa sababu hazikuwapo.

Jibu lilitoka kwa mama mkwe. Kwanza alikaa kutwa bila kula, amenipa mgongo. Kesho yake akaamka, akajifunga kikwembe vizuri, akaenda kusimama mlangoni pa wodi saa ya wageni. Wa kwanza walikuwa majirani zetu wa Bigo.

"Mumeleta nini?"

"Sukari, Mama. Na mukate."

"Sukari iko. Muguu haikule sukari. Murudi, mulete gants."

"Gants?"

"Gants! Ya mupya, ya mu carton. Pale mbele, ng'ambo ya barabara. Kisha mutaingia, mutakaa, tutapiga habari."

Nilikuwa nasikia kutoka kitandani, nataka kujificha kwa aibu. Kwetu mgeni wa mgonjwa haulizwi mfuko wake una nini. Lakini walirudi na glavu! Habari ikatembea kanisani, sokoni, hadi mtaa wa Saio ambako mume wangu anafundisha. Mama wa kwaya walikuja wamevaa sare yao ya kitenge, kila mmoja akafungua mkoba na kutoa pakiti ndogo, wakaimba wimbo mmoja wakaondoka. Wauza vitenge wenzangu walileta katoni. Mjomba wa mume wangu alisafiri kutoka Irumu akatoa mfukoni, kwa heshima kubwa, glavu za sufu za baridi zilizoachwa na mzungu fulani. Hakuna aliyethubutu kumcheka mbele yake. Mama mkwe alimshukuru kwa mikono miwili na akazivaa yeye asubuhi za baridi, akienda kuchota maji. Ndugu wa wagonjwa wengine wakaiga, na punde mgeni aliyefika na mkate mtupu aliulizwa na wodi nzima: "Na gants?"

Yaya Masika alirudi Butembo. Siku chache baadaye akapiga simu. "Mwambie Mama kuko carton mbili njiani, na lori ya maharagwe," akasema. Hakusema "mama mkwe wako". Alisema "Mama". Lori lilikwama Komanda, tukalitafuta kwa simu kama mtoto aliyepotea, likafika.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa harufu. Niliamka asubuhi moja nikasikia sabuni, nikadhani ni ya mtu mwingine. Kisha Madame Solange alipofungua bandeji, haikushika. Akakiangalia kidonda, akaita wenzake. Chini, pembeni, kulikuwa na nyama mpya nyekundu, yenye chembechembe, inayong'aa. Sikujua kwamba nyama yako mwenyewe inaweza kukuliza kwa uzuri. Kila siku ilipanda kidogo. Baada ya kuifunga, Madame alivua glavu zake akazitupa, na mama mkwe alizisindikiza kwa macho hadi ndani ya pipa, asije mtu akazihurumia.

Mvua ya kwanza ilipiga mabati mchana, kwa kelele iliyozima mazungumzo yote. Wodi ilishangilia na mimi nikafunika uso. Dokta aliingia amelowa mabega. Akafungua bandeji yeye mwenyewe, akainama, akagusa, akageuza mguu. Hatukusikiana kwa mvua, kwa hiyo nilikuwa nasoma uso wake tu. Akanyoosha mkono kwa Madame Solange kuomba kitu. Nilifikiri ni kalamu. Ilikuwa pamba yenye spiriti. Akaufuta mstari chini ya goti, akasugua hadi ngozi ikawaka, akaniangalia na kuinua kidole gumba. Mama mkwe alipiga kigelegele kilichoishinda mvua. Mimi nilimshika Dokta mkono nikasahau kuuachia.

Sikudanganyi kwamba palikuwa rahisi baada ya hapo. Walichukua ngozi ya paja wakaibandika juu ya kidonda, na paja liliuma kuliko mguu. Nilijifunza magongo nikiwa natukana kwa Kinande ili mama mkwe asielewe, naye akawa anajibu kwa lugha yake ili nisielewe mimi. Mume wangu, ambaye alikaa kimya muda wote ule kwa hofu, alirudiwa na maneno na akawa hanyamazi. Nilirudi nyumbani Bigo mahindi yakiwa yameshabeba, Gloria akalitekenya kovu kwa kidole, akauliza kama linacheka. Nikamwambia linacheka.

Kwa hiyo wewe wa kwenye benchi, kama muuguzi wako anavaa kilichooshwa, usigombane naye. Huenda hana kingine, na moyo wake unamuuma. Tuma watu wako walete. Na yule anayekulinda akikosea kwa sababu anakupenda, mshike, usimwache aende. Uliza kilichomo ndani ya fundo kabla hujakipa jina.

Siku yangu ya mwisho ya kuonwa na Dokta, tulikaa kwenye benchi la nje mimi na mama mkwe, na benchi lilikuwa limejaa. Niliingia bila magongo. Dokta alibonyeza kovu, akakunja goti, akakunjua kifundo, akaridhika.

"Tembea kidogo tuone," akasema. "Mpaka kwa mulango."

Nikatembea. Mguu ulikuwa mgumu, ulivuta, lakini ulinibeba. Nikafika mlangoni, nikashika komeo, na sikuona sababu yoyote ya kugeuka. Nikafungua. Nikalipita benchi na watu wake wote wenye miguu iliyonyooshwa. Wakaanza kunipigia makofi. Nikaupita ua, nikalipita geti, nikashika barabara. Nyuma nikasikia mama mkwe anaita.

"Weye! Kahindo! Dokta hajamaliza!"

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. Nilisikia viatu vyake vinapiga lami, anahema, ananifuata, anaita tena, jina lile lile. Wala sikupunguza mwendo.

"Ngoja basi!" akasema. "Miye niko muzee! Uko unakimbilia wapi?"

"Nyumbani, Mama," nikamwambia. "Kuya, twende."